Kilichokaa Ndani ya Jiwe

Samaki wa kwanza alipotea siku ya soko, na kuanzia siku hiyo mavyaa, mama wa mume wangu, akaacha kunywa chai niliyoipika mimi. Alikiacha kikombe kikapoa, maziwa yakafanya utando juu, kisha akakimwaga uani nikiwa nimesimama pale pale natazama. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mpaka leo nikiikumbuka chai ile ikizama mchangani, nasikia masikio yakipata moto.

Alikuwa ametufikia Homa Bay miezi michache baada ya kufiwa na mumewe. Alitoka Mombasa kwa gari la moshi mpaka Kisumu, akapanda meli ya ziwani, akashuka gatini kwetu na sanduku la nguo, chupa kubwa za kioo zilizojaa maji ya bahari, ndoo ya mbao iliyofunikwa kitambaa, na kitu kipana kilichoviringishiwa magodoro mawili. Mume wangu alikuwa na duka la nguo na vyakula pale mjini, na alidhani mama yake ametuletea kioo cha kujitazamia. Tulipofungua magodoro tukakuta tangi. Ndani ya ndoo mlikuwa na samaki wa baharini ambao marehemu baba mkwe wangu alikuwa akiwafuga sebuleni kwake, pamoja na konokono wachache.

Wengi walikuwa samaki wadogo wa rangi ya buluu, wa kupendeza macho tu. Mmoja ndiye aliyekuwa na mambo yake. Alikuwa wa rangi ya chungwa, na mistari myeupe ubavuni, na mdomo wa mtu anayetaka kuuliza swali. Marehemu alimlea tangu akiwa mdogo kama punje ya hindi. Mavyaa akimaliza kuswali alasiri alivuta kiti karibu na tangi, akamsimulia samaki huyo habari za siku: nani amepita dukani, mwanawe amekonda, upepo wa huku una vumbi. Hakuwa mwendawazimu. Alikuwa mjane, na huyo ndiye kiumbe wa mwisho aliyewahi kulishwa na mkono wa mumewe.

Nyumba yetu haikuwa na umeme miaka ile ya mwanzo wa Uhuru, na maji ya samaki yanataka hewa. Marehemu alikuwa na akili zake. Alijaza upepo kwenye tyubu ya gurudumu la lori, kisha akauachia kidogo kidogo kupitia mpira mwembamba hadi ndani ya maji, mapovu yakapanda. Huku kwetu tyubu tulijaziwa na fundi baiskeli wa jirani, naye alipiga pampu huku anacheka.

"Mama, hii samaki yenu inapumua kwa tyubu," alisema, "na hapo ziwa iko samaki mingi inapumua yenyewe. Si mchukue hiyo?"

Mavyaa hakuona mzaha. Samaki wetu wa ziwani aliwaita samaki wa matope. Siku nilipompikia ngege aliyenona, kwa nazi niliyoitafuta kwa taabu mji mzima, alimsogeza pembeni akala wali mtupu. Hilo nalo nililimeza.

Sheria ya tangi ilikuwa moja: mkono wa mtu usiingie majini, na hasa mkono wangu, ambao kila siku ulikuwa ukipara samaki wa matope. Kazi yangu ilikuwa kuongeza maji ya mvua yaliyochemshwa na kupozwa, kwa sababu maji hukauka na chumvi hubaki. Niliyamimina taratibu kutoka kwenye jagi mpaka yakafika kwenye mstari uliochorwa kwenye kioo. Kwa hiyo samaki walipoanza kupotea, mtu aliyekuwa akitia kitu ndani ya tangi kila siku nilikuwa mimi.

Wa kwanza hakuacha hata pezi. Wa pili tulimkuta ubavu umefunguka, amelala chini ya jiwe la matumbawe ambalo mavyaa alikuwa ameletewa na mpwa wake kutoka Mombasa, ndani ya ndoo ya maji ya bahari, ili samaki wake apate pa kujificha. Vijidudu vilikuwa vimemjaa. Mume wangu akaleta miwani ya kusomea ya marehemu, akaishika karibu na kioo ili ikuze, tukainama sote watatu. Kulikuwa na vitu kama chawa, vinarukaruka. Kulikuwa na minyoo mifupi yenye manyoya ubavuni kama viwavi, imezamisha vichwa kwenye nyama.

"Hawa ndio wauaji," mume wangu akasema.

"Hawa?" Mavyaa akamnyang'anya miwani. "Hawa nawajua tangu weye hujazaliwa. Babako akiwaita wafagiaji. Hula makombo na mizoga, aliye hai hawamgusi. Ukikuta funza kwenye mzoga utasema funza ndiye aliyechinja?" Akanyoosha mgongo, akaniangalia. "Wadudu wa humu nawajua wote. Nisiowajua ni watu."

Mume wangu alijifanya hakusikia, na hilo ndilo lililonikata maini.

Kesho yake mavyaa aliwaita wapagazi wawili wa gatini, tangi likahamishiwa chumbani mwake, likawekwa juu ya meza nzito karibu na dirisha. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Mimi ni Mjaluo wa Migori. Nilisilimu nilipoolewa, nikajifunza kuvaa buibui na kukuna nazi, lakini kuna mizigo ambayo mtu huibeba bila kujua kuwa ameibeba. Kwetu mke hakanyagi chumba anacholala mama wa mumewe. Huo ni mwiko, tunauita kwer, na anayeuvunja huandamwa na chira, mkosi unaomla mtu mwili polepole, na zaidi mwili wa mtoto wake. Nami nilikuwa na mimba ya kwanza. Basi kila mavyaa aliponiita, nilisimama mlangoni. Jagi la maji nilimpokeza nikiwa nje ya kizingiti, nimeinamisha macho nisikione kitanda.

Kwao Pwani mke wa mwana huingia, hukaa kitandani, humkanda mavyaa miguu. Mimi sikulijua hilo, na yeye hakulijua la kwetu. Nilidhani analijua na ananitega. Yeye aliona mtu ambaye tangu samaki kufa hathubutu kulisogelea tangi.

"Mbona haji karibu?" nilimsikia akimwambia mwanawe, kwa sauti ambayo hakutaka inipite. "Anaogopa kukiona alichokifanya."

Mume wangu angeweza kumweleza, lakini naye hakujua. Mwanamke hamwelezi mumewe mambo ya chumba cha mama yake. Hilo pia ni katika mambo tuliyolelewa nayo, na laiti ningelivunja mapema ningejiepusha na mengi.

Ikaja sauti. Nikiwa jikoni mchana nilisikia chumbani tak, moja tu, kavu, kama mtu aliyegonga glasi kwa ukucha. Baadaye tena, tak. Mavyaa akaogopa kwamba kioo kinapasuka, akakipapasa kote kwa viganja asione ufa. Asubuhi moja konokono mmoja alikutwa gamba lake limevunjwa vipande vipande, ndani hamna nyama. Samaki wa buluu wakazidi kupungua.

Mume wangu alitaka kuniokoa kwa njia yake. Mteja mmoja alikuwa amemwambia kwamba shaba huua chawa wa samaki. Mama yake alipokwenda Kendu Bay kwenye hitima ya mtu wanayejuana, akazitunga senti kumi za tundu kwenye uzi, akazisugua zikang'aa, akazitumbukiza. Mimi nilikuwa mlangoni nikimwambia aache. Mavyaa aliporudi, konokono wawili walikuwa chali, minyoo ya manyoya imepanda juu ya kioo ikitafuta pa kutokea, na samaki wa chungwa yuko juu kabisa ya maji anatweta. Alipiga ukelele ambao sijausikia tena kwa mtu mzima. Tulitoa maji usiku ule ule, wao ndani na mimi nikipokea ndoo mlangoni, tukatia maji ya bahari yote yaliyokuwa yamebaki kwenye chupa. Tuliponyoosha migongo chupa zote zilikuwa tupu, na samaki alikuwa hai, ila kosa jingine hatungekuwa na cha kulirekebishia.

Mavyaa akazigeuzageuza zile senti kiganjani. "Nani kakufunza haya?"

"Mimi mwenyewe, Mama."

"Pwani hatutii hela majini. Haya ni ya huku."

Nilifungua mdomo. Mume wangu akanifinya mkono nyuma ya mlango, nikaufunga mdomo.

"Aende kwao kidogo," mavyaa akasema. "Tuone."

Nikapelekwa Migori. Njia nzima, Rangwe mpaka Rongo na kuendelea, mume wangu alizungumza habari za mvua. Aliniacha uani kwetu, akanywa maji, akarudi zake. Sijui kama kuna aibu inayozidi ya binti aliyeolewa kurudi nyumbani na kibunda cha nguo huku kila mtu akimkaribisha kwa furaha ya kujikaza.

Baba yangu alikuwa ametaka ng'ombe, na mume wangu, ingawa kwao hawaoani kwa ng'ombe, aliwatoa. Ng'ombe hao hawakulala kwetu hata msimu. Walikwenda moja kwa moja kwa wakwe wa kaka yangu, naye akapata mke. Yule mke wa kaka ndiye aliyenitilia uji siku ile.

"Umekuja kutembea, ama umekuja kukaa?" akaniuliza.

"Nimekuja kutembea."

Akainama, akafuta mahali ambapo hapakuwa na kitu. Alijua kama ninavyojua mimi kwamba nikirudishwa moja kwa moja, ng'ombe watadaiwa, na wakidaiwa watatafutwa kwao. Ndoa yake ilikuwa imesimama juu ya yangu, na yangu ilikuwa imesimama juu ya samaki. Nilimchukia samaki yule. Nilimuombea uhai kwa chuki.

Mama yangu nilimweleza yote, na habari ya mlangoni nayo. Hakunipa pole. Alikuwa amekaa kivulini anasuka mgono, ule mtego wetu wa mtoni, kikapu kirefu ambacho mdomo wake umeingizwa ndani ukawa mwembamba, wenye ncha zinazoelekea tumboni, ili anayeingia asijue njia ya kutoka. Mikono yake haikusimama.

"Na hao konokono, magamba yamevunjwa ama yametobolewa?"

"Yamevunjwa."

"Basi si minyoo. Mnyoo hauvunji kitu." Akauma ukindu, akaufunga. "Hapa mtoni anayevunja ni kaa. Hukai ukamngoja kaa atoke shimoni, nyathina, mwanangu. Unamwekea kinachonuka."

Nilikaa siku nyingi. Mume wangu aliponijia, nilimwona kutoka mbali anavyotembea kama mtu aliyebeba gunia, nikajua.

"Amekufa?"

"Hapana," akasema. "Hakufa hata mmoja tangu uondoke."

Fikiria kutamani kuambiwa samaki amekufa. Nilikaa chini pale pale kwenye majani. Leo najua kwamba viumbe vya jamii ya kaa vikibadilisha gamba hujifungia shimoni siku nyingi bila kula. Wakati ule nilichojua ni kwamba nilipokuwepo walikufa na nilipoondoka hawakufa, na mtu yeyote mwenye masikio angefikia pale alipofikia mavyaa. Hata mimi usingizini nilianza kujiuliza kama mikono yangu ina kitu.

Nilirudi Homa Bay kwa sababu mume wangu alisema wazi kwamba hatarudi bila mimi. Haikupita wiki, samaki wa mwisho wa buluu hakuonekana. Alibaki wa chungwa peke yake, anazunguka pembe moja ya juu, mbali na jiwe, hashuki.

Mavyaa hakupiga kelele safari hii. Alitukalisha sebuleni, akakunja mikono mapajani.

"Mwanangu, mimi nimezaa mmoja, na nimebakiwa na samaki mmoja. Huyu akifa, mke wako atarudi kwao na mambo ya ng'ombe wao watayazungumza wazee. Mtoto akizaliwa utakwenda kumchukua. Nimesema."

Mtoto akageuka tumboni. Kweli aligeuka, si maneno ya kupamba. Hapo hasira zangu zote zikaniishia, nikabaki na woga mtupu.

"Mama," nikasema, "humo ndani kuna kitu kinachovunja. Nipe ruhusa nikitege."

"Utatega nini, na weye hata kuingia huingii?"

"Nitasuka. Utatia wewe."

Nilisuka siku mbili kwa maganda ya mafunjo, bila msumari wala waya, kwa kuwa chuma kingeharibu maji. Mgono wenyewe ulitoka mrefu kama kiganja. Shida ilikuwa mdomo. Ukiwa mpana samaki ataingia, ukiwa mwembamba kitu hakitaingia, na ukubwa wa hicho kitu hakuna aliyeujua. Nikapima kwa kidole gumba. Mavyaa alipouona mlangoni aliuchukua, akauzungusha mbele ya macho yake yaliyokuwa yameanza kuingia ukungu, akatia kidole mdomoni mwa mtego akasikia ncha zinavyomshika.

"Hili si dema?" akasema. "Baba yangu akisuka madema. Makubwa, ya mtu kuingia." Ilikuwa mara ya kwanza kuniambia jambo la kwao. Akageuka haraka, kana kwamba amejikuta akinitabasamia.

Chambo alikitoa yeye mwenyewe: kamba wakavu aliowaficha kwenye kopo kwa ajili ya wali wake. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, duka limefungwa kwa chakula na mume wangu yuko msikitini. Mavyaa alilifunika tangi kwa buibui jeusi ili ndani kuwe giza, akaacha upande mmoja tu, ule unaotazama mlango. Mavyaa akashusha mgono kwa uzi, akauegemeza kwenye jiwe, akaufunga uzi kwenye ukingo wa meza. Kisha akavua mtandio, akajilaza kitandani kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Mimi nikakaa kwenye mkeka nje ya kizingiti, tumbo langu mapajani, macho kwenye kioo.

Mwanzo walikuja wafagiaji. Chawa wakaruka juu ya kikapu, mnyoo mmoja wa manyoya ukajivuta hadi mdomoni ukaingia. Niliwaona, na sikuwa na neno nao. Nikangoja. Nzi walinitambalia usoni, sikuwafukuza.

Halafu samaki wa chungwa akashuka.

Alikuwa na njaa, maskini. Tangu wenzake wafe alikuwa anaogopa kufuata chakula chini. Harufu ya wale kamba wa kwao ilimtoa pembeni, akaja taratibu akinusa, akauzunguka mgono mara ya kwanza, mara ya pili, akasimama mbele ya mdomo wake. Nikasema moyoni, usiingie, wewe mjinga, usiingie. Akajipenyeza. Nilikuwa nimepima kwa kidole gumba, na kidole changu ni kinene.

"Mama," nikaita. "Samaki ameingia mtegoni."

"Eh?" Alikuwa amesinzia.

Kabla sijarudia, kwenye tundu la jiwe nikaona macho. Yalikuwa mawili, yamesimama juu ya vijiti, kila moja likitazama upande wake. Kikatoka kichwa, kikatoka mwili wa kijani wenye pingili, mrefu kama kidole, na mikono miwili imekunjwa kifuani sawasawa na vunjajungu. Hakikukimbia. Kilikwenda hadi mdomo wa mgono kama mwenye nyumba, kikaugusa ukingo, kikaingia nusu. Samaki ndani akaanza kujipigapiga ukutani. Ncha nilizozisuka mwenyewe zilikuwa zimemfungia njia.

Tak!

"Mama, vuta! Vuta uzi!"

Mavyaa aliinuka akapapasa ukingo wa meza, akapata buibui, akaukosa uzi. Alipoupata na kuuvuta, mgono ulikwama kwenye jiwe. Akavuta tena. "Siuoni!" akalia. "Siuoni, mwanangu!"

Tak.

Sikumbuki kuvuka kizingiti. Nakumbuka sakafu ya chumba ilikuwa ya baridi kuliko ya nje. Nilipita kati ya kitanda na ukuta, nikalirusha buibui, nikatia mkono majini hadi juu ya kiwiko, mkono ule ule uliopara ngege asubuhi, nikaung'oa mgono na kuutoa ukitiririka. Kitu kilikuwa kimezama chote ndani. Nilipoufungua mkia wa kikapu juu ya tangi samaki akaponyoka akaanguka majini, na papo hapo kidole gumba changu kikapigwa pigo ambalo nilidhani ni nyundo. Damu ikachuruzika hadi kwenye mkeka wa kuswalia. Sikuachia. Niliutumbukiza mgono kwenye bakuli la kioo lililokuwa kando, pamoja na kilichokuwa ndani yake.

Samaki aliogelea upande upande. Pezi moja lilikuwa limekatwa nusu. Akapanda juu, akashuka kidogo, akakaa.

Mavyaa alikuwa tayari amevaa miwani ya mumewe. Aliinama juu ya bakuli muda mrefu. Kile kitu kilituangalia sisi wawili kwa wakati mmoja, jicho moja kwa kila mtu.

"Huyu ni wa kwetu," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Hukaa kwenye matundu ya miamba. Wavuvi wakimshika hufunga kidole kitambaa wiki nzima." Akaligeukia jiwe. Jiwe aliliagiza yeye.

Ndipo nilipojua niko wapi. Goti langu lilikuwa limegusa kitanda. Shuka lilikuwa na alama ya mwili wake, na yeye mwenyewe amesimama kichwa wazi, nywele nyeupe zimesukwa misuko mitatu, jambo ambalo macho yangu hayakupaswa kuliona. Nilitoka kinyumenyume, nikajigonga mlangoni, nikaenda uani nikakaa nyuma ya jiko. Nililia kwa sauti. Sikulia kwa ajili ya kidole. Nilishika tumbo nikamwambia mtoto anisamehe, kwamba sikuwa na la kufanya.

Mume wangu alinikuta hapo. Safari hii nilimweleza: chumba, kitanda, kwer, chira, miezi yote ile ya kusimama mlangoni. Alianza kucheka, kisha akaniangalia usoni, kicheko kikamkauka. Alikwenda kwa mama yake. Walizungumza mlango umefungwa mpaka adhana ya magharibi, na mavyaa hakutoka kula.

Mimi nilitaka mdudu yule apewe kuku. Mavyaa alikataa. Alimweka kwenye chupa moja yenye maji ya tangi, dirishani, akamtupia kamba mkavu. "Naye ni wa bahari," akamwambia mwanawe. "Kosa lake njaa." Mdudu alisamehewa kabla yangu, na mimi nililala na kidole kimefungwa, nikiwa macho, nikingoja kuambiwa nifunge nguo.

Asubuhi niliamshwa na kishindo. Kitu kizito kilikuwa kikiburutwa sakafuni. Nilitoka nikamkuta mavyaa sebuleni, anahema, kanga imefungwa kiunoni kama mwanamke anayekwenda shamba. Mume wangu na fundi baiskeli walikuwa wameshika kila mmoja upande wa kitanda chake, wamekwama nacho mlangoni.

"Inua, weye, usikwaruze," alimwambia mwanawe. Kitanda kikapita, kikawekwa chini ya dirisha la barabarani, mahali ambapo kila mteja aliyechungulia angekiona. Godoro likafuata, na mto, na sanduku la nguo. Kisha akanijia. Hakunitazama usoni. Alinishika mkono wenye kidole kilichofungwa, akanipeleka hadi kwenye kizingiti cha kile chumba. Ndani kulibaki meza, tangi, na kiti kimoja.

"Hapa halali mtu tena," akasema. "Ingia umtazame samaki wako."

Niliingia. Samaki alikuwa katikati ya maji, anakwenda mshazari kwa lile pezi nusu. Nyuma yangu mavyaa alikohoa, akauliza kama chai imekwisha kuiva.

Mtoto alizaliwa salama. Mavyaa aliishi nasi miaka mingi baada ya samaki yule kufa kwa uzee wake, na tangi lilipokuwa limekwisha kuuzwa na chumba kile kimekaa kitupu, bado hakukirudisha kitanda ndani. Wageni walimshangaa, mama mtu mzima kulala sebuleni na chumba kipo. Aliwaambia kule ndani kuna joto.